Majalada Mawili

Oktoba, Ihumwa. Saa saba mchana.
Upepo umebeba vumbi la kiwanja cha jirani
ukalimwaga juu ya shuka nilizoanika,
nami nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa,
miguu ndani ya beseni,
namsubiri yule mwanamke aliyekuwa akisimama.

Miaka ishirini na sita masjala.
Najua jalada lilipo hata umeme ukikatika.
Namjua karani aliyekosea namba kwa kuona mwandiko tu.
Lakini mwili huu, jamani,
kuna mtu kauchanganyia karatasi.

Joto linaanzia hapa, chini ya titi,
linapanda shingoni kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni,
na kabla sijavua kilemba
goti la kushoto limeshaaga.
Herufi zinaota ukungu. Kikombe kinaniponyoka.
Niiweke wapi hii?
Kwenye jalada la neva,
lililofunguliwa nikiwa na thelathini na tisa,
waliponionyesha picha ya ubongo wangu, madoa meupe
kama chumvi kwenye mgongo wa shati la kibarua,
wakasema kinga yangu mwenyewe
inaguguna ganda la neva kama panya agugunavyo waya?
Au kwenye hili jipya, jembamba,
ambalo wanawake wa mtaani huliita "ile hali"
kisha wakauliza bei ya mafuta ya alizeti?

Daktari wa neva alisema: hilo waulize wa kinamama.
Wa kinamama akasema: hilo ni la neva.
Nimekwenda nimerudi
kama barua isiyo na saini.

Wifi Perusi kaja toka Mvumi na kiroba cha mlenda mkavu.
Ananitazama ninavyoshika ukuta.
"Dorika, mbona sisi tulikoma huku tunalima?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Hatua kumi na nne hadi chooni, kumi na nne kurudi,
mara nne kwa usiku.
Hilo ndilo shamba langu, wifi. Nalilima gizani.

Siku zangu zilipoacha kuja sikulia.
Nilimpa binti wa dada pakiti iliyobaki,
nikadhani nimepunguziwa mzigo.
Sikujua kuna kitu damu ilikuwa imekishikilia,
kama kisiki kwenye ukingo wa korongo:
unaking'oa, huoni tofauti,
hadi mvua ya kwanza.

Nilichojifunza si kingi.
Kazi zote kabla ya saa nne;
baada ya hapo jua ni la wenye miguu yao.
Kitambaa cha maji ya mtungi shingoni.
Zabibu za Hombolo zilizolala kwenye baridi,
punje tatu tatu, chini ya ulimi.
Na hasira ikija, niiache iwe hasira.
Si kila kitu ni ugonjwa.

Jumatatu ni kliniki. Nimenunua jalada la njano,
nimeandika juu yake kwa herufi kubwa
DORIKA MGONELA, na ndani:
tarehe, saa, joto, goti, usingizi, machozi,
kila kitu kwa mfuatano, folio moja baada ya nyingine.
Wakitaka kunigawana
watanigawana mbele yangu.

Jana saa tisa usiku Yeremia alinikuta
nimefungua friji, nimeegemea,
paji la uso kwenye rafu ya nyanya.
Hakuuliza.
Alivuta kigoda, akanikalisha,
akaanza kunipepea kwa kipande cha boksi la sabuni,
taratibu, kama anayechochea mkaa uliokwisha kushika.
Baada ya muda mrefu akasema,
"Mvua zikichelewa mwaka huu, tupande uwele."
Nikacheka. Nikacheka, nikashika mlango wa friji,
nikacheka hadi nikajikojolea kidogo.

Hilo nalo
sijui nilipange wapi.