Mkoche wa Chanika

Tulikutana Mikocheni, kituo cha mafuta,
Jumapili, saa mbili, kabla jua halijawa kali.
Mikocheni! Mtaa wenye jina la mti
na mti wenyewe huuoni ng'o:
kuna famasi, kuna duka la vigae,
kuna ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu,
na mimi, karani wa bima, mkoba kwapani,
nimekuja kununua kilichobaki kwenye jina.

Shukrani Ngonyani ni fundi wa lifti.
Siku sita anapandisha watu na kuwashusha,
ya saba anafungua buti la gari
lenye harufu ya udongo uliolala na maji.
Alikuwa na mpopoo wenye kimo cha kidole,
mikindu minne ndani ya makopo ya rangi,
mvumo wa jani moja tu, limekunjwa kama risiti,
na mkoche ndani ya bomba la maji taka,
bomba jipya, kalikata kwa msumeno,
urefu wa mkono mzima.

"Mbona bomba?"
"Huu hauanzi na jani," akasema.
"Ukifukia mbegu, inateremka kwanza.
Miezi sita unamwagilia mchanga mtupu,
majirani wanakucheka,
kumbe huko chini kazi imepamba moto.
Ukiona jani, ujue mzizi umeshajua unakokwenda."

Nikauliza bei. Akauliza, "Utaupanda wapi?"
Nikasema elfu thelathini.
"Bei siyo shida, dada. Utaupanda wapi?"
Nikafika arobaini, mnunuzi najipandishia mwenyewe;
Kariakoo wangenisikia wangeniombea dua.
Yeye kapiga magoti, analifuta vumbi jani lile
kwa ncha ya shati,
kama mama anayemfuta binti kamasi
mbele ya washenga.

Mimi nakaa Upanga, ghorofa ya nne.
Kibaraza changu ni hatua tatu,
ya nne ni kamba ya nguo.
Nikasema, "Nina kiwanja Chanika."

Sina kiwanja Chanika.
Chanika nimefika mara moja, msibani,
nikarudi na mchanga kwenye viatu.

Uso ukamfunguka. Akashusha mpaka ishirini.
Nikamtumia kwa simu, na ya kutolea.
"Usiung'oe," akasema. "Ukifika shimoni,
pasua bomba ubavuni, uache ujishushe."

Lifti yetu mbovu tangu mfungo wa Ramadhani.
Nikaubeba ngazi kwa ngazi, bomba begani,
jani linanipapasa sikio,
na fundi ninayemjua ni mmoja tu,
na huyo ndiye siwezi kumwita.

Kila mwisho wa mwezi ujumbe unaingia:
"Mkoche wetu haujambo huko Chanika?"
Wetu. Pesa alishazitoa, lakini wetu.
Nainama, nalipiga picha jani kwa karibu,
kamba ya nguo naikata,
reli ya chuma naikata,
ghorofa la jirani nalikata lote na watu wake,
inabaki kijani na kipande cha anga.
"Haujambo," naandika. "Unakusalimia."

Wiki jana nafagia, nikauona:
chini ya bomba, mweupe, mnene kama chaki,
umefika kwenye kigae na haukurudi nyuma.
Umepinda, unapapasa, unatafuta ufa.
Nilikaa juu ya ndoo, nikautazama
mpaka chai ikapoa.
Wenyewe hauna kosa.
Uliambiwa Chanika.

Sasa nina namba za madalali watatu.
Kila mmoja ana kiwanja karibu na lami,
karibu kwa miguu ya dalali.
"Ishirini kwa ishirini, dada. Unaanza kujenga lini?"
Nikamwambia mimi naanza na kwenda chini.
Akadhani nazungumzia shimo la choo,
akanisifu: wengi, alisema, hulisahau.