Kaunta Buku

Aliyelianzisha daftari ni Ambokile wa Tukuyu:
kwaya tatu, mgongo mwekundu.
Akajaza kurasa mbili za mvua tupu
(“Mvua ya huku haina adabu, inaingia ndani na viatu”),
akalifunga kwa kamba ya mgomba,
akamkabidhi utingo wa basi pamoja na hela ya soda.

Makete likalala kwa Vumilia.
Mafinga, kwa Onesfolo.
Iringa, kwangu, kisha likarudi lilikotoka.
Miaka miwili tukapokezana hivyo,
sura hatujuani.

Lakini nani kasema hatukujuana?
Ambokile ni duara la kikombe katika kila hadithi,
chai ya rangi, na pa nukta huweka mkato
kana kwamba mgeni anagonga, atarudi kumalizia.
Vumilia ni kidole gumba cha udongo wa viazi,
na baridi. Ukurasa mmoja aliuanza:
“Wino umeganda, nimeuweka kwapani, subirini.”
Chini yake mistari kumi mitupu,
ndipo shairi.
Lile pengo nimelisoma mara nyingi kuliko shairi.

Onesfolo anapasua mbao.
Ukilifungua daftari baada yake
unga wa paini unakumwagikia magotini.
Anaandikia penseli bapa ya seremala,
na kila anachoandika ni Tuli.
Tuli kakimbilia kwenye matete.
Tuli hataki kula.
Tuli, mbona hugeuki.

Nasi, mabingwa wa pambizoni!
“Usimkimbilie, mwanamke hakimbiliwi,” Ambokile.
“Mnunulie kanga,” Vumilia, kwa mwandiko wake uliolala.
Na mimi, kwa kalamu nyekundu, nisamehewe:
“Huyo anakuringia tu. Wamejaa Mafinga.”

Tulikutana Makambako, Jumamosi,
penye njia panda na upepo unaovua watu kofia.
Nilidhani Vumilia ni bibi; kumbe kijana,
ndevu zimeanza juzi,
na Kiswahili chetu, chenye yeye mmoja kwa wote,
hakikuninong'oneza kitu.
Ambokile, mnene, mwenye haya,
kaja na mkungu mzima wa ndizi kama anayekwenda ukweni.
Tulicheka. Tulitazamana vidole.
Tukaagiza supu na chapati,
nami kwa kiherehere changu nikauliza:
“Na Tuli? Mbona hukuja naye?”

Onesfolo aliikunja chapati yake,
akaikunjua.
“Tuli alikuwa na miaka sita,” akasema.

Nje lori lilipiga honi. Supu ikaanza kugandisha mafuta.
Ambokile aliukodolea macho mkungu wake wa ndizi
kana kwamba ndio ulioandika yale.

“Ile kanga lakini niliinunua,”
Onesfolo akamgeukia Vumilia.
“Nimeifunga msalabani.
Mvua inailowesha, jua linaikausha.
Na mliyoandika msiyafute.
Nyumbani hakuna anayemtaja.
Ni ninyi tu mliokuwa mkimsema
kama mtu anayeweza kugeuka.”

Daftari liko kwangu sasa, wiki ya tatu.
Sijawahi kuwaambia: mimi nashona sare,
Mashine Tatu, chumba cha nyuma;
zile nyuzi walizokuta kati ya kurasa
si alama, ni mabaki.
Jana nimekata sketi ya buluu ya darasa la kwanza.
Nimewaandikia vipimo tu, kiuno, urefu,
na kwamba pindo nimeliacha nene,
la kufumua mtoto akirefuka.