Konzi ya Bwana

Kabla ya kuinjika sufuria, Rualkhumi huchota konzi moja ya mchele,
ya Bwana, akaitia kwenye kopo la maziwa.
Ukungu wa Aizawl umekaa dirishani kama mgeni asiyeaga.

Juma hili konzi ilikuwa ndogo.
Si vidole vilivyopinda tu; ni kinyongo.
Zothanpari, mwenzake wa kwaya,
alimwambia, “Mwanao mlevi,” mbele ya watu,
na ni kweli.

Jumamosi akina mama walipita na gunia,
wakauliza ni kwa nani jiko limepoa.
Kimya. Wote wakatazama mlango wa Zothanpari.

Rualkhumi akarudi jikoni,
akachota tena, kwa mikono miwili,
akazipanda ngazi za jirani
bado amenuna.