Ya Pili Kwenda ya Tatu

Lilikuja Jumanne, Pajero la mwaka tisini na tisa,
kijani kilichofifia mpaka kikakosa jina,
ubavuni bado kivuli cha herufi za kampuni ya utalii
zilizobanduliwa kwa kisu na maji moto.
Mwalimu Nanyaro akashuka taratibu.
"Fundi, likitoka ya pili kwenda ya tatu
linanipiga teke la mgongo, utadhani linanidai."

Nikamweleza: giaboksi hii ina akili kidogo.
Haina macho, ila inahesabu mguu,
inajua nani hukanyaga ghafla, nani huomba.
Miaka kumi na moja imebeba madereva wa mbugani,
watu wa kumkimbilia chui kabla wengine hawajafika.
Wewe umeikuta imeshamaliza shule.

Akacheka. "Miaka thelathini nimefuta ubao.
Mwanafunzi mwenyewe sijawahi kumfuta."

Mafuta yalitoka meusi, yananuka mkate ulioungua.
Nikatia mapya, mekundu kama juisi ya rozela.
Lomayani akashika spana namba kumi,
akafungua hasi ya betri, akaiviringishia kitambaa,
tukangoja nusu saa.
Unga Limited nusu saa ni ndefu:
mashine ya kuchomelea ilitema cheche,
muuza mahindi akapita mara mbili,
na ndani ya kisanduku cha bati, chini ya dashibodi,
chui mmoja mmoja alikuwa anafutika.

Nikarudisha waya. Swichi mbele, injini isiwake,
mguu chini mpaka mwisho, hesabu ishirini,
achia. Zima. Washa.
Likanguruma likiwa halimjui mtu.

Sasa lilitaka kufundishwa, nami nikaliendesha mwenyewe
hadi Kisongo na kurudi, kando ya mibuni ya Burka.
Asubuhi ile mwenye banda alikuwa amefunga stoo yangu kwa kufuli lake.
Sikuwaza gari. Niliwaza kodi ya miezi miwili,
nikikanyaga, nikiachia, nikikanyaga,
na lori la saruji nikalipita kwa hasira isiyolihusu.
Jioni nikapiga simu: limepona.

Ijumaa akarudi. Hakukaripia.
Alikaa juu ya tairi kuukuu, akauliza
kama wanavyouliza walimu wanaojua jibu:
"Fundi, nyumbani kwako kuna amani?"

Nikalizungusha mtaa mmoja.
Ya pili kwenda ya tatu
nikakutana na mimi:
mguu wangu, pupa yangu,
mtu anayetaka kufika kabla ya anayemdai.
Miaka ishirini nayasikiliza magari.
Kumbe.

Sikumtoza. Betri tena, spana ile ile, nusu saa ile ile,
halafu nikampa usukani, nikakaa kushoto,
mikono mapajani isiguse kitu.
Akapanda nalo Ilboru, akinyenyekea kila tuta,
akiwapisha wenye ndoo, akilisemesha:
"Haya. Tena. Vizuri."
Ya kwanza. Ya pili.
Niliikaza shingo kuisubiri ya tatu,
nikaisubiri mpaka getini kwake.
Sijui iliingia lini.

Akataka kunirudisha, nikakataa.
Niliteremka kwa miguu mpaka Sakina,
nikikanyaga kwa uangalifu,
kana kwamba chini yangu
kuna kitu kinajifunza.