Mstari wa Nane

Ulimi wangu ulikuwa mali ya misheni.
Miaka minne nililamba kichwa cha malkia,
kisha Desemba ile bendera ikapanda
nikaanza kulamba stempu zetu wenyewe.
Gundi ilikuwa ileile, chungu kidogo pembeni.

Mimi Silivano Odera, karani wa parokia, Yala,
mwenye baiskeli ya kusimamishwa kwa kisigino.
Kila Alhamisi niliuwahisha mfuko stesheni
kabla gari la moshi la Butere halijarudi Kisumu.

Padre Gaudensio, mafuta ya upadirisho hayajamkauka viganjani,
alirithi kwa Padre Huberti nyumba ya matofali,
mbwa mwenye kutii Kiholanzi tu,
na taipu iliyong'oka K kubwa.
Ndiyo maana katika barua zetu zote
kenya ilianza na herufi ndogo, kama mtoto.

Yeye alisema, mimi nikapiga.
Waliobatizwa, mia mbili na kumi na wawili.
Mabati thelathini; manne yameliwa na upepo.
Divai ingali forodhani.
Mikaratusi yako imefika usawa wa kengele.

Akanyamaza.
Nje, mama yake alikaa ngazini,
kikapu cha mayai magotini,
hataki kuingia, hataki kuondoka.

Mama ananiuliza nani atalibeba jina la baba.
Nimemwambia, watoto wangu ni parokia nzima.
Amenijibu: parokia nzima, na hakuna hata Omuga mmoja.

"Huo ufute," akasema.
Nikaugonga x, x, x,
hadi utepe ukatoboka.

Usiku niliiinua nakala mbele ya karabai.
Maneno yalikuwepo, nyuma ya zile x,
kama ng'ombe nyuma ya fito za boma,
yanapumua.
Sikumwambia mtu. Nililamba stempu.

Wiki saba.
Jibu likaja kwa Kijaluo cha kuchechemea,
wino wa buluu, mkono unaotetemeka.
Aliuliza habari za mbwa. Alilalamikia magoti,
na baridi, na supu ya masista.
Halafu, chini kabisa, pasipo nafasi:

Mstari wa nane nimeusoma dirishani.
Mama yangu naye alikaa ngazini siku ya safari yangu.
Hakunipungia mkono. Hakuniandikia hadi kufa.
Mayai hayo usimpe mpishi.
Yale mwenyewe, naye akikuona.

Ukilifungua faili la mwaka ule
utakuta bei ya saruji, kisha ombi la mishumaa;
katikati, matundu mawili ya pini na kutu.

Mimi najua tu kwamba Jumapili iliyofuata,
nikihesabu sadaka sakristia,
nilisikia kijiko kikigonga ganda,
na mama mtu akimfokea yule mbwa kwa Kijaluo,
na mbwa akakaa.