Alama za Mlangoni

Fomu inauliza: wiki hii iliyopita
mkono umekusumbua? Hapana. Kidogo. Kiasi. Sana.
Visanduku vinne, na kalamu iliyofungwa uzi
isije ikaibwa, hapa hospitalini Swansea.

Sioni kisanduku cha zipu ya gauni.
Sioni cha kwapa lililokufa ganzi,
nikilipaka poda ni kama nampaka jirani.

Walitoa tezi kumi na sita. Nilidhani
kwapa ni pa jasho tu, na pa kubania pochi.
Kumbe mle mlikuwa na watumishi
wakichota maji usiku na mchana bila mshahara.
Wameondoka, na maji hayana mwenyewe:
ikifika jioni vidole vinanona,
pete ya Shee imehamia shingoni.

Nikapewa soksi ya mkono, inabana kama deni,
rangi ya ngozi, walisema.
Ngozi ya nani, sikuuliza.

Rhian, mtaalamu wa viungo, akanifunza:
vidole vipande ukuta, polepole, kama buibui.
Nikacheka. Buibui nilijualo mimi huvaliwa.
Akacheka naye bila kuelewa; nikapanda.

Nyumbani napandia mlango wa jikoni,
penye alama za urefu wa Nuhu.
Zangu natia kwa wanja.
Januari nilifika Nuhu wa miaka mitano.
Februari, wa minane.
Machi nikashuka: nilibeba gunia la viazi
kupanda kilima, kwa ukaidi tu,
mkono ukaumuka kama hamri.

Sasa Shee ndiye mkandaji.
Kwanza unga, nami nimesimama: maji kidogo, kidogo!
Kisha mkono, kutoka kiganjani kuelekea begani,
taratibu, kama anayefuta vumbi kwenye picha.
Chapati zake zina pembe. Nazila.
Miaka ishirini nimemwita mkono wa birika;
leo birika ni mimi, kiwiko kiunoni,
na kumimina siwezi.

Mkono mmoja haulei mwana, walisema.
Nuhu hujimiminia maziwa. Nusu yanaenda sakafuni.

Basi natia alama kwenye Kiasi.
Halafu naandika pembeni, pasipotakiwa neno:
jana nilianika shuka. Upepo wa ghuba
ukavuta upande wake, nami nikavuta wangu,
na kwa kitambo kidogo
sikukumbuka ni mkono upi.