Kola Nusu

Alidhani tumekuja kupima kiwanja.
Darubini ya Gwamaka ina miguu mitatu,
na miguu mitatu, hapa Tukuyu, huleta vigingi,
huleta alama nyekundu kwenye ukuta wa mtu.
Bi Subilaga akasimama getini, kanga kichwani,
mvua ile ya kwetu, isiyonyesha wala kuacha,
ikimchuruzika kwenye nyusi.
"Semeni mmetumwa na nani."

Hatujatumwa, mama. Tumesikia una njiwa.

"Njiwa." Alilionja neno kama mboga iliyozidi chumvi.
"Watu wazima wawili, na binti wa watu,
mmetoka Mbeya alfajiri na baridi hii
kwa ajili ya njiwa."
Akafungua, kwa sharti:
darubini isielekee migomba ya mpakani.
Ana kesi na Ambakisye, na Ambakisye anachungulia.

Walishuka saa tatu, ukungu ulipoachia paa.
Nikahesabu kumi na wanne juu ya bati.
Pugi, nikaandika. Nikafuta:
hawana madoa ya kijani bawani.
Ninga hakai peupe hivi.
Tetere basi, lakini tetere gani huyu,
mwili rangi ya chai iliyozidi maziwa,
kola nyeusi imekomea nusu ya shingo
kama fundi aliyeishiwa uzi?
Na sauti. Tetere hutamka mara tatu;
hawa husema mbili, kisha kimya,
nawe unabaki umeinamisha sikio.

Sekela alishaanza kuwatungia jina la kitaalamu.
Ndipo mama akaleta chai na ndizi za kuchemsha,
akasema kama mtu anayeeleza doa la shati:

"Waliletwa na boksi. Harusi ya Tumpe.
Weupe pepepe, wawili, wa kukodi.
Mshereheshaji akasema tukiwaachia mlangoni pa kanisa
watarudi wenyewe kwa mwenye nao, Mbeya.
Mwenye nao alipiga simu wiki nzima,
anadai elfu themanini.
Aliyerudi kwao ni bwana harusi."

Hakuna aliyecheka. Juu ya bati
mmoja alisema mara mbili, akanyamaza.

Gwamaka akakunja miguu mitatu, mmoja mmoja.
Tulichokiita ugunduzi tangu Uyole
kilikuwa ukoo tu: mke wa porini, mume wa kukodi,
watoto, wajukuu, kola zinazopungua.

Daftari lina safu ya aina. Niliiacha wazi.
Lina safu ya mahali; mama akaweka kidole pale.
"Usiandike kwangu. Watakuja wengine na miguu yao."
Nikaandika: Rungwe. Manyunyu. Kumi na wanne.

"Kumi na watano," akasema,
akaonyesha dishi la zamani nyuma ya jiko,
limelala chali, limejaa kutu,
halipokei kitu kutoka mbinguni.
Ndani yake, mkia.
Chini ya mkia, anajua yeye, mayai mawili.
Tumpe amekataza lisiguswe.